Yule Bata wa Mdomo wa Buluu

Mwende, mama,

Hii ni barua ya mtu anayekaa nyumba moja na wewe, kwa hivyo cheka umalize kisha usome. Wewe na mama yako mmetoka saa nane kwenda Makina kumuaga Mama Zaituni, jirani yetu wa zamani, na namjua Mama Zaituni, hawaachilii watu kabla ya chai ya pili. Nina kama saa tatu. Nimefunga kibanda cha mabati mapema, na mteja anayengoja karai lake ameshanipigia simu mara mbili na sijashika. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Nimeenda kuangalia kama maji ya chai yamechemka, nikakuta hata jiko sijawasha.

Mambo ya sweta na dawa na kutolala na nywele mbichi mama yako ameshasema yote, na kesho asubuhi atayarudia. Sina la kuongeza hapo. Nakuita mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu, na yule alikuwa mtu wa kukutazama tu, bila neno, mpaka useme ukweli mwenyewe. Wewe una macho yale yale. Ndiyo maana naandika, sisemi.

Nilikudanganya ukiwa na miaka tisa. Uongo ule umeuandika kwenye daftari lako, na kesho unalibeba daftari hilo ukienda kuanza kazi. Sitaki uondoke nao. Ni habari ya yule bata.

Unakumbuka tulivyokaa mtaa wa Soweto East, kabla ya maghorofa kutukaribia. Ukitoka mlangoni ni mwendo mfupi tu kushuka mpaka bwawani. Bwawa lenyewe lilikuwa limefunikwa na magugu maji mpaka mgeni angedhani ni uwanja wa mpira, ila kulibaki vipande viwili vitatu vya maji wazi, na kando yake watu walilima nduma, zile za kuchemsha na kula na chai. Ukitoka shule ulikuwa unapotelea huko. Mimi nakuja nyuma yako na hasira zangu, mikono ina masizi ya kulehemu, nakuita jina kwa sauti mpaka wenye nduma wanainua vichwa. Nakukuta umechuchumaa, daftari la hesabu magotini, unaandika vitu ambavyo si hesabu.

Siku moja ukaniambia kuna bata anayezama. Nikasema hao ni kibisi. Nilikulia Kitui karibu na bwawa la ng'ombe, na kwangu mimi kila kindege kinachopiga mbizi kilikuwa kibisi, habari imekwisha. Ukasema hapana. Kibisi ni mdogo, mdomo wake umechongoka, na nyuma amekatika tu, mkia hauonekani. Huyu mdomo wake ni bapa, tena wa buluu. Kichwa cheusi, mwili rangi ya udongo mwekundu, na mkia mgumu ambao wakati mwingine anausimamisha juu kama amekasirika. Nikacheka. Nilikuambia buluu ni rangi ya milango, hakuna ndege aliyeumbwa na mdomo wa rangi ya mlango.

Ukanivuta mkono twende nikaone. Nilikaa na wewe kama dakika mbili. Nikamwona, kweli, kwa mbali, kitu cheusi kimelala chini sana majini kana kwamba kimejaa mchanga. Kisha hakuwepo. Hakuruka, hakupiga maji, alishuka tu. Ukaanza kuhesabu kwa sauti ya chini. Ulipofika kumi na mbili nikasema nina jiko la mtu la kumaliza, nikaondoka. Sikungoja atoke. Mwende, nimefikiria sana jambo hilo dogo. Ungekuwa unaniuliza leo kosa langu la kwanza lilikuwa lipi, ningesema ni hilo la kuondoka kwenye kumi na mbili.

Unanijua. Mimi ni mtu wa kuongeza maji baridi kwenye chai kwa sababu siwezi kungoja ipoe. Hata mama yako nilimposa kabla sijamaliza kumsalimia.

Wewe ulikuwa unangoja. Jioni nikiwa nagonga bati uliniletea habari zake zote. Kwamba mara nyingi anakaa chini kama hesabu ya ishirini, na hatokei pale alipozamia. Kwamba bata wengine wanainamisha vichwa na kuacha makalio juu, ila yeye anaenda mzima mzima. Kwamba akishtuka hapai angani kama wenzake, anazama. Akitaka kuruka lazima akimbie juu ya maji mbali sana, na ulikuwa umemwona akifanya hivyo mara moja tu. Mimi nilisema mm, mm, huku nikitafuta riveti iliyoanguka. Uliniambia kila kitu nilichohitaji kujua, na baadaye nikafanya kama sikuwahi kuambiwa.

Jumamosi ile kulikuwa kumenyesha usiku na upepo mkali. Tulishuka pamoja, na upepo ulikuwa umesukuma magugu yakafunga kile kipande cha maji alichokuwa anakaa. Bata wako alikuwa matopeni kati ya nduma. Alijaribu kutembea, akapiga hatua moja, akaangukia kifua. Akajiinua, akaanguka tena. Nikavua koti, nikamtupia, nikamshika. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na mdomo ulikuwa wa buluu kama ulivyosema. Ningeweza kukuomba radhi hapo hapo kwa ile habari ya mlango. Badala yake nilikuwa tayari natafuta kwa macho nitapata wapi kipande cha bati.

Ulisema, "Baba, miguu haijavunjika. Ndio vile ameumbwa. Amewekewa miguu nyuma."

"Umewahi kumwona akitembea nchi kavu?"

"Hapana."

"Basi wacha fundi afanye kazi."

Maneno hayo nayasikia mpaka leo nikiwa nakata bati. Ulikuwa mtoto aliyelelewa vizuri, na mimi nilitumia malezi yako mazuri kukunyamazisha.

Kazi yenyewe nilifanya safi, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilikata vipande viwili vyembamba, nikakunja kingo zote zisimkate, nikamfunga kila mguu kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Tukamweka kwenye lile karai kubwa lenye maji kidogo. Hakula ugali, hakula mchele, hakutoa sauti. Ulilala karibu na karai siku mbili. Majirani walikuja kuangalia, na nikawaeleza jinsi mfupa unavyounga. Mimi, ambaye sijawahi kuunga mfupa wa hata kuku.

Jumatatu kabla ya shule ulisema atakufa akibaki ndani. Ukanishawishi tumrudishe bwawani. Nilikubali, ila nikasema vile vibati vibaki mpaka mfupa ushike, vitajilegeza vyenyewe. Ulimbeba wewe, nikatangulia kutafuta maji wazi. Ulimweka taratibu. Alielea. Alijaribu kupiga kasia akazunguka pale pale, nusu mduara, akatulia. Nikasema unaona, anapata nafuu. Hapo akatokea mbwa juu kwenye ukingo, akabweka, na bata akafanya kile ulichoniambia anafanya akishtuka.

Ukaanza kuhesabu.

Ulifika ishirini ukiwa unatabasamu. Ulifika arobaini. Kwenye sitini ukaacha kutazama maji ukanitazama mimi. Nilihisi yale macho usoni kama joto la jiko, na sikuweza kuvumilia. Mtu anaweza kusema alidanganya kumhurumia mtoto. Nilijiambia hivyo miaka mingi. Si kweli. Nilidanganya kwa sababu sikuweza kusimama pale nikitazamwa.

Nilisema, "Yule pale. Ametoka nyuma ya magugu."

Ukasema, "Wapi? Mimi sijamwona."

"Umechelewa kugeuka. Nimemwona mimi."

Ukatoa daftari ukaandika. Nililiona baadaye, na juzi ulipokuwa unapanga vitu vyako nimeliona tena, mwandiko ule wa kulala lala: Amezama. Ametoka. Aliyemwona: Baba.

Nimesimama kidogo hapa. Nimeenda mpaka mlangoni kuangalia kama mnakuja. Hamjafika. Kuna mtu anauza mahindi ya kuchoma pale kona na moshi wote unaingia kwetu. Narudi.

Kesho yake nilishuka peke yangu alfajiri. Sikumwambia mama yako. Niliingia majini mpaka magotini, nikapapasa chini ya magugu upande ule. Mizizi yake unaijua ilivyo, mirefu na yenye manyoya. Ukanda mmoja wa mpira ulikuwa umejifunga kwenye mizizi hiyo, na yeye alikuwa hapo. Nikamfungua. Nikavitupa vile vibati mbali nilivyoweza. Nikamzika kwenye ukingo wa shamba la nduma la mtu, nikachimba kwa mikono, nikarudi nikawahi kazini. Jioni ukaniambia unaenda kumwangalia bata. Nikasema nenda.

Ulienda mwezi mzima. Kila siku ukitoka shule. Ukirudi nakuuliza vipi, unasema leo hajaonekana, pengine yuko upande wa pili. Mimi nasema ndiyo, pengine.

Kisha wakaja wale watu wa kuhesabu ndege wa majini, mwanzo wa mwaka. Ulimfuata yule dada aliyekuwa na kitabu cha picha mpaka akachoka kukufukuza, akaanza kukujibu. Nilikuja kukuchukua nikakukuta unafanyiwa mtihani. Alikuwa anakufunikia picha na kukuuliza. Jicho lake lilikuwa jekundu? Ukasema hapana, jeusi. Alikuwa na doa jeupe kwenye kona ya mdomo na mgongo umenyanyuka? Ukasema hapana, mgongo unakaribia kuzama. Mdomo? Buluu. Mkia? Mgumu, umenyooka, akipumzika anaulaza juu ya maji na akichokozwa anausimamisha. Akafungua ukurasa, na wewe ukaweka kidole kabla hajamaliza kufungua. Yule dada akawaita wenzake wawili waje. Akasema ndege huyo si wa kuonekana ovyo, na kwamba kwao mtu mmoja haandikwi peke yake kwa ndege kama huyo, lazima awepo na wa pili aliyemwona.

Ukasema, "Baba alimwona."

Nilikuwa nimesimama hapo na mkasi wa bati mfukoni. Watu watatu wenye darubini wakanigeukia. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza neno ili aliandike. Nikasema ndiyo, nimemwona, mdomo buluu. Hiyo ilikuwa kweli. Ukawaeleza habari ya miguu na jinsi fundi alivyomfunga, na yule dada akanitazama kwa upole. Akasema bata wa namna hiyo miguu yake iko nyuma kabisa kwa ajili ya kusukuma maji, ndiyo maana nchi kavu anaanguka. Magugu yakimfungia, hawezi kukimbia matopeni mpaka apae. Alichohitaji ni mtu wa kumbeba hatua kumi mpaka majini.

Hatua kumi, Mwende. Nilikuwa na miguu mizima na koti mkononi.

Akaniuliza, "Na baadaye alitoka salama?"

Nikasema, "Alitoka." Mbele yako. Mara ya pili.

Miezi miwili baadaye tukahamia huku Kawangware. Nilikuambia ni kwa sababu ya nafasi ya kibanda cha kazi, na nusu ni kweli. Nusu nyingine ni kwamba sikuweza tena kukuona ukishuka ule mteremko na daftari. Ulilia siku tatu. Mama yako alidhani ni marafiki. Nikakutoa kwenye maji uliyoyapenda kwa sababu mimi niliogopa kuyatazama, na sijawahi kukuomba msamaha kwa hilo. Naomba sasa. Nimekukosea, na nilijua ninakukosea.

Sikuandiki ili nikufundishe. Kuhusu kungoja wewe ndiye mwalimu wangu, na mwanafunzi wako hajapita. Lakini nitakuambia nilichojifunza kwa mikono yangu. Kazi yangu imenizoesha kwamba kila kinachoyumba kimevunjika, na kila kilichovunjika ni changu kukirekebisha. Karai likiyumba nagonga. Miaka mingi niliwaendea watu hivyo hivyo. Mama yako akinyamaza jioni namtafutia dawa. Wewe ulipochelewa kusema, ulipokuwa unatembea polepole nyuma ya wenzako, nilikupeleka kwa waganga wa kila aina, na walimu nikawaambia wakusukume. Kumbe ulikuwa unatazama vitu. Siku hizi mtu akinijia anayumba nakunywa chai yangu kwanza, ya moto vile ilivyo, kabla sijaamka kutafuta bati. Si mara zote. Wiki jana tu nilimgombeza fundi mwenzangu kwa kitu ambacho hakikuwa na shida. Lakini najaribu.

Unajua ni nini kimenifanya nifunge kibanda? Ni ile jioni uliporudi kutoka kwenye mahojiano ya hii kazi ya kuhesabu ndege. Ulituambia walivyokuuliza ulianza lini kupenda ndege, ukawatolea lile daftari la hesabu. Ukawaambia ulikuwa na bata aliyefungwa miguu na bado akapiga mbizi akatoka, na baba yako ndiye aliyemwona. Ukasema mmoja wao alikunja uso kidogo, akasema hilo ni jambo la ajabu, akaandika. Mama yako akapiga makofi. Ukanigeukia ukaniambia, "Hii kazi ni yako nusu, Baba. Ningekuwa sina mtu wa kuniamini ningeacha."

Nikasema naenda kufunga mlango wa kibanda. Ulikuwa umeshafungwa.

Sasa unaenda kwenye ziwa lenye wengi wa namna yake, na utakuwa unaita idadi na wengine wanaandika, au wanaita na wewe unaandika. Siku moja mtu atakuambia bata aliyefungwa miguu hawezi kuzama akatoka. Atakuwa na haki. Nawe utabishana naye kwa sababu baba yako alisema. Sitaki ubishane na mtu mwenye haki kwa ajili yangu.

Kile kisanduku nilichokutengenezea kwa ajili ya darubini na madaftari, ulichosema hutakibeba kwa sababu huendi bweni kidato cha kwanza, utakibeba tu. Ni kidogo. Kifuniko nilikizungushia mpira wa tyubu maji yasiingie. Nilikata ule ukanda nikauweka, nikautoa, nikakaa nao mkononi, nikauweka tena. Hakuna kitu kingine kinachozuia maji vizuri kama huo. Ukiuona utajua nilikuwa nafikiria nini. Barua hii nitaiweka ndani, chini ya daftari la hesabu, na ufunguo nitakupa mkononi asubuhi kabla hujapanda gari, ili usome ukiwa bado unaweza kunipigia simu ukanigombeza.

Fungua ule ukurasa. Usiuchane. Pale ulipoandika Ametoka, kata kwa mstari mmoja, vile mnavyofanya nyinyi watu wa kuhesabu, ili lililokuwepo lisomeke. Andika pembeni: Hakutoka. Baba alimtoa kesho yake akiwa ameshakufa, akamzika. Kisha uweke jina langu kama aliyemwona. Hapo nitakuwa shahidi wa kweli. Na kama utataka kumwambia yule aliyekunja uso, mwambie. Mimi hainidhuru tena, na wewe ulichokiona mwenyewe hakijabadilika hata kidogo: mdomo wa buluu, mkia mgumu, hesabu ya ishirini. Hayo yote yalikuwa yako, na yalikuwa sahihi.

Nasikia sauti ya mama yako kona kule, anajadiliana na mwenye mahindi. Wewe unacheka. Nimalize haraka, na hii ni haraka ya mwisho ninayoiomba.

Huko unakoenda kuna siku utashuka chini na hatutakuona. Simu haitashika, au hutataka kuongea, au mambo yatakuwa yamekulemea. Mama yako ataniuliza, na wapangaji wenzetu wa hapa plotini wataniuliza, vipi Mwende. Sitawaambia nimekuona kama sijakuona. Nitasema amezama, bado namngoja. Wewe toka upande wowote utakaotokea, si lazima iwe pale ulipozamia. Nitakuwa nimesimama pale pale ukingoni, nahesabu, na safari hii nikifika kumi na mbili siondoki.

Ni mimi baba yako, wa pale kwenye mabati.